Robo ya Tangi Isiyoonekana

Katika uwanja wa mafundi ulio chini ya soko la Nyeri, mafundi hunawa mikono kwa petroli ya mteja. Jambo hilo halifichwi. Grisi haitoki kwa maji matupu, na gari la mtu liko pale limeachwa na ufunguo. Basi mpira unaingizwa tangini, kikopo kimoja kinanyonywa, watu wananawa, na kinachobaki kinatiwa kwenye chupa na kuuziwa watu wa bodaboda. Wateja wanajua. Ndiyo maana huja na mafuta ya kuwafikisha tu, na wakiondoka hupita kwanza kwenye kituo cha petroli huku wakitukana kimoyomoyo.

Fundi mmoja tu hakunawa hivyo. Jethro Kiogora alinawa kwa sabuni ya unga na vumbi la mbao, akasugua mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Kwa miaka thelathini na minne hakuna aliyemwona ameshika mpira wa kunyonyea. Wenzake walimwita Padri, na usidhani walimwita hivyo kwa heshima.

Alikuwa na sababu yake. Alipokuja kutoka Chogoria, upande ule mwingine wa mlima, alikuwa na miaka kumi na tisa na hakujua hata kufungua nati. Wiki ya kwanza bwana wake alimpa mpira na kumwonyesha Datsun ya katekista mmoja mzee. Jethro akavuta pumzi, petroli ikamwingia kooni, akaanguka akitapika. Aliyemkimbilia wa kwanza alikuwa yule katekista mwenyewe. Alienda kibandani akanunua maziwa, akamwekea kichwa magotini, akamnywesha kama mtoto. "Pole kijana yangu," akawa anamwambia. "Hii kazi yenu ni hatari sana." Mzee hakuuliza petroli ilifikaje kooni mwa kijana, wala ilikuwa ya nani. Maziwa yale yalimchoma Jethro kuliko petroli, na tangu siku hiyo akaapa. Hakuwa na shamba wala nyumba ya mawe, na mke wake alikuwa amemwacha zamani kwa sababu ambazo si za hapa. Lakini mtu akitaka kuacha gari Nyeri usiku kucha likiwa na mafuta, alionyeshwa Jethro kwa kidole. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake yote.

Mteja wake mkubwa alikuwa Mwalimu Ngatia wa Endarasha, aliyekuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu. Ngatia alirithi kwa baba yake Peugeot 504 ya mwaka 1979, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, na Jethro aliitunza kwa miaka ishirini na sita. Alijua kabureta yake kwa sauti tu. Akiisikia ikipanda kutoka barabarani, alitaja ugonjwa wake kabla haijazimwa.

Januari mwaka jana Ngatia alishuka nayo ikiwa na boksi kwenye kiti cha nyuma. Boksi lilitumwa na binti yake Wendy, muuguzi huko Ujerumani.

"Fundi, huyu msichana ameniletea mashida," Ngatia akasema. "Ati kabureta ni mambo ya kizamani. Hii inaweka mafuta kwa injini na injekta, na iko na kompyuta yake. Utaweza, ama nipelekee ile kijana ya Mweiga?"

Kijana wa Mweiga aliitwa Valentine. Alikuwa na kompyuta ya kupimia magari, alivaa ovaroli safi, na kila mwezi alikuwa akichukua mteja mmoja wa Jethro. Magari ya kabureta yalikuwa yamebaki machache, na ya wenye pesa za kuyatengeneza yalikuwa machache zaidi.

"Nitaweza, mwalimu," Jethro akasema. Akalibeba boksi mwenyewe.

Ndani ya boksi mlikuwa na kila kitu isipokuwa tangi na pampu. Karatasi ilisema hivyo viwili mwenye gari achague mwenyewe. Wazungu wana maneno mepesi. Jethro alikaa siku nne bila kushika spana, akiwaza. Pampu ya zamani ya Peugeot ilikaa kwenye injini na kunyonya mafuta polepole kutoka nyuma, na kabureta ilikuwa na kibakuli chake cha akiba, kwa hiyo mafuta yakikatika kidogo gari halikujua. Injekta hazina uvumilivu huo. Zinataka mafuta yanayosukumwa kwa nguvu kila dakika, na pampu ya nguvu hiyo haijui kunyonya, inajua kusukuma tu. Ikivuta hewa hata kidogo, gari linakata na kuzima.

Tena tangi la zamani lilikuwa tupu ndani kama sufuria. Ukipanda mlima mafuta yanakimbilia nyuma, ukipiga kona yanakimbilia ubavuni. Na barabara ya kwenda Endarasha ni milima na kona tangu mwanzo hadi mwisho.

Njia ya kwanza ilikuwa kufunga pampu nje, chini ya buti, na kuliacha tangi lile lile. Gatobu, Mmeru mwenzake aliyekuwa na kibanda kando ya chake, alimwambia afanye hivyo, kazi iishe kwa siku moja. Jethro alikataa, maana pampu ya nje hupiga kelele, hushika joto, na juu ya mlima ingelia njaa. Njia ya pili ilikuwa tangi dogo la pembeni ndani ya buti, lijazwe na pampu ndogo, nalo lilishe pampu kubwa. Hiyo ilikuwa nzuri, lakini Mama Wendy aliposikia alipiga simu yeye mwenyewe. "Fundi, hiyo buti ndio tunabebea chakula ya kanisa. Unataka tule irio ya petroli?"

Ikabaki njia ya tatu, ile ya jasho. Jethro alinunua bati nene, akakata, akakunja, akachomelea tangi jipya la umbo lile lile la zamani. Ndani aliweka kuta tatu zenye matundu ili mafuta yasikimbie ovyo. Katikati, pale chini kabisa, akatia bakuli la bati la kukalia pampu, na akalielekeza bomba la mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini limwage humo humo, ili bakuli lisikauke upesi. Kwa pampu alitembea wiki nzima. Mpya zilijaa madukani, zenye majina makubwa na bati jepesi. Yeye akachukua kuukuu, ya gari aina ya Probox lililopinduka, akaitumbukiza kwenye ndoo ya petroli na kuipima nguvu kwa saa nne mfululizo. Kuukuu halisi ilimtuliza moyo kuliko mpya ya bandia.

Wiki tatu. Uwanja mzima ulikuja kulitazama tangi lile kabla halijafungwa, hata wale waliomwita Padri. Gatobu aliingiza mkono ndani, akapapasa kuta, akatikisa kichwa.

Ilibaki shida moja, nayo haikuwa ya bati. Pampu inayokaa ndani ya tangi hupozwa na mafuta yenyewe. Mafuta yakipungua sana inachemka, na ikichemka mara nyingi inakufa. Jethro alimwambia Ngatia wazi asishuke chini ya robo tangi.

Ngatia alicheka mpaka akashika boneti. "Robo? Fundi, mimi nikiona robo najua niko na mafuta mingi!"

Hapo alisema ukweli wa mlima mzima. Sisi watu wa huku hatujazi tangi. Tangi lililojaa ni pesa iliyolala, na kila fundi ana mpira. Tunatia mafuta ya mia tatu, ya mia tano siku ya harusi, na mshale wa geji ukilala kwenye nyekundu ndipo mtu anapoanza kuwaza habari ya kituo. Kila mwenye gari anajua kwa kichwa nyekundu yake inamfikisha wapi. Mwalimu Ngatia alikuwa amefanya hivyo miaka yote, na mtu wa miaka sabini hafundishwi tangi.

Basi Jethro akatumia akili. Ndani ya tangi geji ina kiboya kwenye mkono wa waya; mafuta yakishuka, kiboya kinashuka, mshale nao unashuka. Alishika waya ule kwa plaizi, akaukunja mara mbili. Sasa mshale ungelala kwenye nyekundu wakati robo nzima ya mafuta bado iko chini, ikiipoza pampu. Tangi likijazwa lote mshale ungeishia robo tatu na mtu angeuliza, lakini nani angelijaza? Alifunga tangi huku akitabasamu. Hakumwambia mtu. Aliona amemkinga mwalimu na tabia yake mwenyewe, kama mama anayeficha sukari juu ya kabati. Hakuwa na nia mbaya, na ndiyo maana hakuona haja ya kusema.

Gari liliwaka mara ya kwanza. Lilipanda mpaka Endarasha bila kukohoa, na Ngatia alipiga simu kutoka juu akipiga kelele kwa furaha. Miezi iliyofuata Jethro aliletewa magari mawili ya zamani kutoka Nanyuki na moja kutoka Karatina, yote yakitaka injekta na tangi kama la mwalimu. Valentine wa Mweiga alianza kumsalimia kwanza.

Lakini mtu aliyezoea kuendesha gari kwenye nyekundu, nyekundu yake ikirefuka, atajua. Ngatia alijua baada ya mwezi mmoja. Siku moja alisahau kutia mafuta, mshale ukalala, akaenda Nyeri na kurudi na gari halikuzima. Akajaribu tena makusudi. Hakuogopa. Alifurahi, akaanza kuhubiri habari zake kanisani na sokoni.

Alhamisi moja ya Agosti alileta gari lisafishwe na kukaguliwa, kwa sababu Wendy alikuwa anakuja Jumamosi. Mshale ulikuwa ndiyo kwanza umelala kwenye nyekundu alipofika mjini. Jethro aliuona, akajiambia, leo namwambia. Maneno alikuwa ameyapanga: mwalimu, ile geji niliikunja mimi, nyekundu yako ni robo, tafadhali usiivuke. Alifuta mikono, akamwendea. Lakini Ngatia alikuwa amekwisha kusimama katikati ya uwanja, mafundi wamemzunguka.

"Hii gari inanusa tu!" alikuwa akisema. "Ikilala kwa red naenda Nyeri, narudi, na kesho yake naenda Mweiga. Mafuta haiishi! Mnaniona? Huyu si fundi, huyu ni mchawi."

Wakacheka, wakamtazama Jethro. Hata Gatobu alimtazama kwa wivu wa kweli. Kwa miaka thelathini na minne walikuwa wamemtazama kwa dharau au kwa huruma, na macho haya yalikuwa mapya. Jethro alifungua kinywa. Kusema pale kungekuwa kumwambia mwalimu mkuu mbele ya watu kwamba alidanganywa kama mtoto, na kujiambia mwenyewe kwamba hakuna uchawi, kuna waya uliopinda. Akasema, "Ni kazi tu, mwalimu." Akajilaumu hapo hapo. Akajiahidi kwamba atasema Wendy akisharudi Ujerumani.

Ijumaa jioni Ngatia alichukua gari akapanda nalo Endarasha. Jumamosi akashuka Nyeri kumpokea binti yake. Akaanza kupanda tena na Wendy, mkewe, shangazi wawili na masanduku ya Ujerumani, huku nyumbani hema limepigwa na mchungaji anasubiri ibada ya shukrani. Mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu tangu Alhamisi. Kwenye mlima wa mwisho tangi lilikauka. Pampu ililia, gari likakata, na Ngatia, ambaye hakuamini kwamba gari lile linaweza kuishiwa, alizungusha ufunguo mpaka pampu ikaungua na betri ikafa. Mvua ilikuwa inanyesha. Wendy alipanda kwa miguu, viatu mkononi, na alipofika mchungaji alikuwa ameondoka.

Valentine aliitwa. Alitia petroli ya jerikani, gari likakataa, akalivuta mpaka gereji yake Mweiga na kulifungua tangi. Akaona pampu iliyoungua. Kisha akaona waya wa kiboya, umekunjwa mara mbili, alama za meno ya plaizi ziko wazi. Akaupima, akapiga hesabu, na kwa kuwa ni fundi aliyelelewa miongoni mwa mafundi, alifikiri kama fundi.

Jumatatu saa nne asubuhi Ngatia alifika uwanjani na gazeti lililokunjwa. Alilifungua juu ya meza ya Jethro, ndani mkiwa na ule waya.

"Hii ni nini, Jethro?"

Hakuwa amemwita kwa jina kamwe. Siku zote alimwita fundi.

"Ni mimi nilikunja, mwalimu," Jethro akasema. "Nilitaka kukinga pampu. Nilikuambia usishuke chini ya robo, ukacheka. Nikaona nikufichie hiyo robo isaidie."

"Ukanificha robo ya tangi yangu."

"Ndiyo, lakini—"

"Robo mimi siwezi ona. Robo wewe peke yako unajua iko." Ngatia hakupaza sauti, alisema kama anayesomea darasa. "Kila siku inanipeleka Nyeri na kunirudisha, na Mweiga juu yake. Gari inalala kwako siku moja, na hiyo robo inapotea. Mbele ya msichana yangu."

Jethro alimhesabia kwa vidole. Alieleza safari tatu, kupanda Ijumaa, kushuka Jumamosi, kupanda tena na watu watano na masanduku, mlima wote. Hesabu ilikuwa ya kweli kila kilomita. Lakini alijisikia akiieleza na akajua jinsi inavyosikika: kila mwizi wa mafuta katika uwanja ule alikuwa na hesabu kama hiyo, na yeye mwenyewe amezisikia mamia.

"Mwalimu, miaka ishirini na sita," akasema mwishowe. "Nimewahi kuchukua yako hata kifuniko moja?"

Ngatia alimtazama, na machozi yalikuwa yanamlenga mzee yule. "Hiyo ndiyo inanitesa. Sijui. Sikuwahi kuangalia."

Akauacha waya mezani, akaondoka.

Njia ya mwongo ni fupi, tunawaambia watoto, na tunapowaambia huwa tunafikiria waongo wenye faida. Jethro hakupata hata tone. Lakini kufikia saa nane picha ya waya ilikuwa katika simu ya kila mwenye gari kuanzia Mweiga hadi Wamagana, na chini yake mtu ameandika kwamba hivi ndivyo Padri alivyokuwa akila sadaka. Magari mawili ya Nanyuki yaliondolewa wiki hiyo. La Karatina lilikuja kuchukuliwa na mwenyewe akiwa na askari.

Jambo lililomuuma zaidi lilitoka kwa wenzake. Hawakumcheka. Walifurahi, lakini kwa upendo, kama watu waliompata ndugu aliyepotea. Walimwita kwenye chai. Jioni moja Gatobu alimletea karai dogo, petroli safi ndani yake, na kuliweka miguuni pake taratibu.

"Nawa, Jethro," akamwambia kwa Kimeru. "Tuliteseka sana tukidhani kuna mtu anaweza kuishi vile. Sasa tumepumzika."

Jethro alilisogeza karai kwa mguu, akaenda bombani na sabuni yake ya unga. Alisugua kwa muda mrefu. Nyuma yake alisikia mtu akisema kwamba mzee bado anaigiza.

Hakuondoka Nyeri. Angeenda wapi, na Chogoria hakuna aliyemjua tena? Kazi zilipungua, lakini hazikuisha, kwa maana mikono yake hakuna aliyeitilia shaka. Waliomletea magari walileta, ila kila mmoja alikuja na desturi mpya. Kabla ya kumpa ufunguo aliwasha geji, akatoa simu, akapiga picha ya mshale.

Mwalimu Gaudencia wa Wamagana alikuja mwishoni mwa Oktoba. Alikuwa mtu wa Siaya, amefundisha huku miaka kumi na mitano, na kwa miaka hiyo yote alikuwa akimrushia Jethro ufunguo kupitia dirishani na kukimbilia darasani. Siku hii alishuka. Alizunguka gari bila sababu, kisha akafungua mlango na kuwasha geji. Simu alikuwa ameishika tayari, chini, kando ya gauni.

"Si ati sikuamini, fundi," akasema bila kumtazama. "Ni mzee wangu tu. Amesema watu wote siku hizi wanapiga."

"Piga tu, mwalimu."

Akainama, akapiga. Jethro alikuwa amesimama mlangoni kati yake na jua, na alipochungulia simu aliona kivuli cha kichwa chake kimeangukia geji yote, mshale hauonekani. Gaudencia alikuwa keshaanza kuirudisha simu mkobani, uso umemwiva kwa aibu.

"Hiyo haijatoka vizuri," Jethro akamwambia. Akasogea pembeni, jua likaingia mpaka ndani. "Piga ingine."

Akapiga nyingine.